Mla Unga na Mla-Kimya

Poggio Serrano, 21 Juni 1987

Kaka Egisto,

Salamu kwako na kwa wifi Mirella. Sisi huku wazima, kuku wazima, na mtini wa nyuma mwaka huu umezaa kama unaogopa kukatwa.

Mwaka jana tuliagana vibaya. Mimi nilikurushia ndoo, wewe ukasema maneno ambayo hata ndoo haikuyastahili. Tuyaache. Nyumba hii ni ya baba yetu sote, na Agosti bila wewe kukaa pale mlangoni ukiwaeleza watu jinsi Torino inavyoendeshwa, kijiji hakijui kama ni Agosti.

Nimekutengenezea chumba cha juu ya banda la kuku. Nimekipaka chokaa. Kina ubaridi, na dirisha lake linatazama ule ukuta wa mawe wa babu. Upepo haufiki kabisa upande ule, kwa hiyo hutalalamika shingo. Najua unavyowachukia mbu, ndiyo maana nimekushonea chandarua kwa mikono yangu, na pembeni nimedarizi herufi E kwa uzi mwekundu, usije ukadhani ni cha mtu mwingine. Mbu hatapita hapo, nakuapia kwa kaburi la mama.

Mwanangu Nello bado yuko Livorno kwa dada Fosca. Hatakuwapo, kwa hiyo usiwe na wasiwasi wa kukutana naye kwenye ngazi.

Dada yako,
Argia


Torino, 30 Juni 1987

Mdogo wangu Argia,

Barua yako imenifurahisha, ingawa mkato umeuweka popote ulipochoka kuandika. Nilijua hasira itapoa. Nilimwambia Mirella tangu Krismasi: Argia ni wa kurusha ndoo, si wa kuweka kinyongo.

Kuhusu kijana, nisingependa turudie. Mimi nilisema nilichokiona. Alikuwa anatapika, anaficha macho asione mwanga, na mikono yake ilikuwa na nukta nyekundu kuanzia kiwiko mpaka kiganja. Huku Torino vijana wenye nukta za namna hiyo tunawaokota bustanini kila asubuhi, na pembeni yao bomba la sindano. Baadaye hospitali wakasema ni kirusi, wakakipa na jina. Sawa. Madaktari wana huruma, na mama akilia mlangoni wanaweza kuandika lolote. Hata hivyo sikusema kwa ubaya, na niliwaambia wachache tu, pale baa, tukicheza karata. Maneno yakitembea baada ya hapo, mimi si mwenye miguu yake.

Nitakuja siku ya kwanza ya Agosti. Mirella kama kawaida ataenda kwa dada yake pwani. Siku ya kufika nitapenda sungura kwa zeituni, na usiweke rozmari nyingi kama mama.

Asante kwa chandarua. Umekuwa mtu mzima.

Kaka yako,
Egisto


Poggio Serrano, 5 Julai 1987

Dada Fosca,

Anakuja. Nakunakilia maneno yake ya mwisho ili ucheke mahali pangu: "Umekuwa mtu mzima." Nina miaka hamsini na minne.

Sasa nikuambie, maana nisipomwambia mtu nitamwambia kuku, na kuku wa nyumba hii hawana siri. Unamjua yule daktari kijana wa zahanati, Tesei, mwenye miwani iliyofungwa kwa plasta? Masika alinikuta nafagia banda, akaomba kuweka mitego ya karatasi yenye mafuta kwenye ukuta wa babu. Asubuhi akanionyesha alichokamata. Usubi. Mdogo kuliko nusu ya mbu, rangi ya majani makavu, ana kibyongo, na mabawa kayainua kama masikio ya sungura aliyeshtuka. Nikamwambia, huyu tunamjua, wazee walimwita Mla-Kimya, kwa sababu mbu huja na zumari lake lakini huyu anakula na kunyamaza. Daktari akasema ndiye huyo huyo. Ndani yake mna kirusi, na kirusi hicho ndicho kilichoingia kichwani mwa Nello. Anazaliana kwenye nyufa za mawe na kwenye uchafu wa kuku. Hapendi upepo. Anaruka hatua mbili tatu na kutua, kama mlevi, kwa hiyo anayelala karibu na ukuta ndiye anayeliwa. Dawa hakuna, chanjo hakuna. Na chandarua cha kawaida ni mapambo tu: mbu anakwama, yeye anapita akitembea. Kinachomzuia ni kile chenye matundu madogo kama chekeche ya unga.

Daktari alikuwa ananifundisha nijikinge. Mimi nilikuwa namsikiliza kama mtu anayepewa anwani ya adui yake.

Cha matundu madogo nimejinunulia mimi. Cha Egisto nimekishona kwa kitambaa cha pazia, kizuri, cheupe, na kila tundu ni lango la jiji.

Usinihubirie. Wewe unaishi na Nello, unamwona anakula, anacheka. Mimi nimebaki na msumari ukutani pale sare yake ya bendi ilipokuwa inatundikwa. Walikuja kuichukua yeye akiwa bado kitandani hospitalini. Mchumba wake Loriana alirudisha pete kwa mkono wa baba yake, ndani ya mfuko wa karatasi wa mkate, kwa kuwa mwokaji hana mfuko mwingine. Nilipowaonyesha cheti cha hospitali walikisoma kwa heshima, wakanirudishia, wakaendelea kumwita teja. Mla unga. Mwanangu aliliwa na Mla-Kimya, wao wakamwita mla unga, na aliyewapa neno hilo ni mjomba wake wa tumbo moja na mimi, kati ya karata moja na nyingine.

Basi naye apate nukta zake. Kichwa chake kipasuke ajue kinavyopasuka. Halafu watu wamwangalie mikono.

Daktari alibandika tangazo kwenye duka la dawa: fungeni madirisha jua likizama, wekeni feni, zibeni nyufa. Lilikaa mpaka watalii wa kwanza wa Kijerumani walipofika kupanga vyumba. Kesho yake halikuwapo. Meya anasema lilipeperushwa na upepo. Ndani ya duka.

Argia


Livorno, 11 Julai 1987

Argia,

Nimesoma barua yako mara moja, nikaichana, nikaitupa kwenye moto wa kupikia samaki. Samaki akanuka.

Wewe una wazimu, na si wazimu wa kuchekesha. Unataka kumtia mtu ugonjwa? Unakumbuka Nello alivyopiga kelele muuguzi alipowasha kiberiti mlangoni? Unakumbuka walivyomkunja kama mkate wa pasaka ili wamtoe maji ya uti wa mgongo? Hilo ndilo unalotaka liwe mezani kwako Agosti, pamoja na sungura?

Egisto ni mpumbavu. Alikuwa mpumbavu tangu anatambaa, mimi ndiye mkubwa na nilikuwepo. Anastahili kofi. Njoo umpige kofi, nitakushikia koti.

Nello hajui kitu na hatajua. Anafanya kazi bandarini kwenye ghala, jioni anapiga tarumbeta kwenye chumba changu cha kufulia, kaiziba mdomo kwa taulo ili majirani wasisikie. Akizungumza na mtu anageuza kichwa ampe sikio la kulia, maana la kushoto halisikii tangu ugonjwa. Watu wanadhani ni maringo. Jana kaniuliza kama bendi ya kwenu imepata mpiga tarumbeta mwingine kwa ajili ya sikukuu ya Bikira mwezi wa tisa. Nikasema sijui. Akasema, "Basi hawajapata, mama mkubwa, ningesikia kwamba wanamcheka." Ndivyo alivyo. Hana kinyongo hata cha kujazia kijiko, sijui tabia hiyo kairithi kwa nani.

Choma hicho chandarua.

Fosca


Poggio Serrano, 3 Agosti 1987

Dada,

Sikukichoma.

Wamefika juzi. Nasema wamefika, si amefika. Mirella kaja naye. Kateremka garini na kofia ya majani na mfuko wa peremende, akanibusu, akasema pwani mwaka huu kuna watu wengi mno. Uongo wake ulikuwa wazi, lakini sikujua unaficha nini. Nikadhani wanagombana.

Nilisimama pale chini ya ngazi nimeshika mto wa pili. Chumba cha mbele kilikuwa wazi, kina upepo, kiko mbali na ukuta. Ningeweza kusema, chumba hiki cha kuku ni kidogo, wifi, nendeni mbele. Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Egisto akapita, akaangalia chokaa, akasema, "Afadhali, maana mwaka jana kilikuwa kama chumba cha mla unga." Akacheka. Kweli, dada, aliutoa utani huo nyumbani kwangu, na mkoba wake nimeubeba mimi.

Nikawapandishia mto wa pili.

Mirella kakisifu sana chandarua. Kasema mama mkwe wake angekuwa hai angejivunia mshono. Yeye ndiye peke yake wa upande ule aliyempelekea Nello kadi hospitalini, nimekumbuka wakati nazima taa. Lakini kitanda ni kipana, na usubi atamchagua mnene.

A.


Livorno, 12 Agosti 1987

Argia,

Nakuandikia nikiwa nimesimama posta, kwa hiyo usiangalie mwandiko. Laiti ungekuwa na simu kama Wakristo wengine.

Leo nimempeleka Nello kupimwa sikio. Nikamuuliza daktari, kama mtu anayeuliza tu, kwa nini kijijini hapo hawalazwi wazee, wanalazwa vijana na wageni. Akasema wengi waliokulia huko waliumwa utotoni, wakapata homa ya siku tatu, wakapona, na damu yao sasa inakikumbuka kile kirusi. Si wote, Nello hakubahatika, lakini wengi. Anayeangushwa vibaya mara nyingi ni yule ambaye hajawahi kulala huko.

Sasa nikumbushe nani alikuwa na homa ya siku tatu mwaka ule wa mavuno ya mvua. Hukumbuki, ulikuwa bado unanyonya. Alikuwa Egisto. Mama alimfunga vipande vya viazi kwenye paji la uso, akalala chumba hicho hicho cha juu ya kuku, ukuta huo huo. Kila Agosti ya utoto wake aliliwa na hao usubi mpaka wakamchoka. Huyo hutampata kwa njia hiyo, hata ukimlaza ndani ya banda.

Lakini Mirella ni mtoto wa Torino, wa ghorofa ya nne. Mtoe chumba hicho leo. Usisubiri kesho. Mwambie kuna panya, mwambie kuna mzimu wa baba, mwambie lolote.

Fosca


Poggio Serrano, 14 Agosti 1987

Dada,

Kimya chako ninakisikia mpaka huku, lakini nakuandikia hivyo hivyo.

Hakuna kilichotokea. Egisto analala kama askofu. Ananenepa. Anakula nyanya na mkate wa kulowekwa sahani mbili, anakwenda baa, anarudi akiimba. Mikono yake haina alama hata ya kidole. Nikaanza kumshuku daktari Tesei na karatasi zake za mafuta.

Mirella anajikuna. Kavaa mikono mirefu mezani, na ni joto la kuyeyusha mishumaa. Jana alikuja chumbani kwangu kuazima sindano na uzi wa kushonea kifungo, mkono ukapanda, nikaona. Zile zile, kuanzia kiwiko. Nikampa siki apake. Akaniambia, "Wifi, una mkono mwepesi," na akakaa kidogo kitandani pangu, akishikashika chandarua changu kama mtu anayewaza lingine. Alitaka kusema neno, Egisto akaita chini anataka kahawa.

Wanaondoka baada ya sikukuu ya Kupalizwa. Zimebaki siku chache tu, na leo ni kana kwamba mtu kahamisha jiwe kutoka mfuko mmoja kwenda mwingine: mwanzo niliomba atokewe na kitu, sasa naomba kisitokee. Usiwe na wasiwasi, bado namchukia Egisto. Hilo liko mahali pake.

A.


Torino, 26 Agosti 1987

Argia,

Mirella kalazwa. Alianza kuumwa kichwa siku ya pili baada ya kufika hapa. Akafunga mapazia yote, akaingia chini ya meza ya jikoni kwa sababu huko ndiko kulikuwa na giza. Mke wangu, mwalimu wa hesabu, chini ya meza. Shingo haikukunjika. Nilimbeba mwenyewe ngazi zote kwa kuwa lifti ni mbovu.

Wamemtoa maji ya uti wa mgongo. Ni yale yale. Huku hawajui jina lake, walidhani hiki na kile, wakampa dawa zisizosaidia, mpaka mmoja mwenye umri akauliza alikuwa wapi kiangazi hiki.

Lakini kabla ya huyo mzee alikuja mwingine, kijana, akafunga mlango, akaniomba niketi. Akaniuliza, kwa upole sana, kama mke wangu anajidunga. Akanionyesha mikono ya Mirella. Akasema siku hizi hata wake za watu wa heshima, tusione aibu, ni vizuri hospitali ijue. Wauguzi walikuwa wanasubiri nje na glavu mbili mbili. Mwanamke wa kitanda cha pili aliomba ahamishwe.

Nikampigia kelele. Nikamwambia ni wadudu, ni usubi wa kwetu, mimi nimekulia hapo, namjua mke wangu. Alinitazama kwa huruma, Argia. Ile huruma ya mtu ambaye ameshaamua.

Sasa anapata nafuu lakini maneno yanampotea. Anaonyesha glasi, anasema "dirisha". Wanasema yatarudi, mengi yake.

Nakushukuru kwa ulivyotutunza. Chandarua chako tulikishusha kila siku jua likizama, sikukosa hata mara moja. Bila hicho sijui ingekuwaje.

Egisto


Poggio Serrano, 29 Agosti 1987

Dada,

Barua yako ya tarehe kumi na mbili imefika leo. Posta ilifunga kwa Kupalizwa, tarishi akaenda ziwani na familia yake, na mfuko ukakaa kwenye korido. Kaniletea pamoja na ya Egisto, mkono mmoja, akanitakia siku njema.

Nimezisoma kwa mpangilio wa tarehe. Ningekushauri usijaribu.

Chandarua hakipo. Nimekitafuta ili nikichome kama ulivyosema. Mirella alikikunja akaondoka nacho, Egisto aliniambia akipakia gari: "Kakipenda, mwache achukue."

A.


Poggio Serrano, 30 Agosti 1987

Egisto,

Pole kwa Mirella. Naisema kwanza, na naisema bila chumvi wala sukari.

Sasa nina swali. Yule daktari kijana alipokuuliza, ulimjibu kwa sauti kubwa kiasi gani? Unasema ulipiga kelele. Wauguzi walisikia? Mwanamke wa kitanda cha pili alisikia? Naona hukusema, "Madaktari wana macho, mimi si mwenye miguu ya maneno yao." Ulisimama ukasema namjua huyu.

Mimi pia nilisimama. Nilikuwa na cheti mkononi. Nilikwenda nacho baa, nilikwenda nacho kwa mwokaji, nilikwenda nacho kwa kiongozi wa bendi. Wewe ulikuwa umekaa pale pale na karata zako, ukakisoma kabla ya wote, ukakikunja vizuri, ukanirudishia. Hukusema lolote. Neno moja tu kutoka kwako lingetosha, kwa kuwa neno la kwanza lilikuwa lako.

Sikukuu ya Bikira ni tarehe nane. Watu wote watakuwa mbele ya kanisa. Njoo uyaseme, kwa ile sauti uliyoitumia Torino. Usiponifanyia hilo, basi chumba cha juu ya kuku nitakibomoa, na nusu yako ya nyumba utaifuata kwa mahakama, na nikifa usije kunizika.

Argia


Poggio Serrano, 9 Septemba 1987

Dada Fosca,

Kwa kuwa magoti yako yalikataa safari, nakupa jana yote, kaa vizuri.

Alikuja, amekonda. Nilidhani atanong'ona na kasisi kisha amwachie kasisi kazi. Alipanda pale kiongozi wa bendi anaposimama, kofia mkononi. Bendi ilikuwa imeshapuliza wimbo wa kwanza, kwa ubaya unaoujua tangu walipomkosa Nello. Akasema, "Mwaka jana nilimwita mpwa wangu mla unga. Hakuwa. Aliliwa na Mla-Kimya, na mwaka huu ameliwa mke wangu, na watu wakamwita hivyo hivyo. Tangu Septemba iliyopita nilijua ukweli. Nikala, nikanyamaza."

Mzee Ampelio kutoka nyuma: "Rudia, Egisto, huku kuna viziwi."

Na Nello, uliyempandisha basi bila kuniambia, Mungu akulipe, alikuwa amesimama pembeni na koti lako la mvua. Akasema taratibu, "Mimi nimesikia, na nina sikio moja." Watu wakacheka, kile kicheko cha watu walioona haya. Kiongozi wa bendi akavua kofia yake ya sare akamvika. Ilimzama mpaka kwenye nyusi. Akapiga. Bila taulo, dada. Baada ya misa Loriana alikuja mwenyewe kwa miguu yake, bila baba na bila mfuko wa mkate, wakakaa kwenye ngazi za kisima mpaka nikaacha kuwachungulia.

Na daktari Tesei, yule mjanja, akatumia nafasi hiyo hiyo kubandika tangazo lake kwenye mlango wa kanisa, mbele ya Wajerumani. Meya alilisoma kwa sauti kana kwamba ni wazo lake.

Kwa hiyo nimeshinda. Nilitaka hivi, na nimepata hivi, na Egisto alilia mbele ya kijiji kizima kwenye leso niliyompigia pasi mimi. Jana niliusikia ushindi mdomoni, mtamu kweli. Leo asubuhi nimeamka nimepika kahawa ya watu wawili, sijui ya nani.

Nimemwandikia wifi, nikampa pole, nikamtumia tini zilizokaushwa. Kuhusu kile kitambaa sikugusia.

Argia


Torino, 4 Oktoba 1987

Wifi Argia,

Tini zimefika. Asante. Naandika polepole, maneno mengine bado hayajarudi, kwa hiyo nisamehe nikiita kitu kwa jina la jirani yake.

Nafurahi kwa Nello. Egisto kaniambia ulivyomwandikia, na kwamba barua yako ndiyo iliyompeleka. Sitaki kukuondolea fahari hiyo, wala kumwondolea yeye, ila ni vizuri ujue. Nilikuja Agosti kwa jambo moja. Tangu masika nilimwambia asipomsafishia yule kijana jina, mimi nitamsafishia, na atalala sebuleni. Alikubali. Tulipanga arudi tarehe nane, aseme mbele ya kanisa. Alikuwa anatafuta ujasiri baa, huko ndiko anakoutafuta siku zote. Ile siku niliyokuja kuazima sindano nilitaka kukuambia. Nilikaa kitandani kwako nikitafuta pa kuanzia, na mkono wangu ukawa unashika chandarua chako.

Nikaona ni kizito, cha rangi ya vumbi, na matundu yake huwezi kupitisha hata pini. Nikawaza: masikini wifi, kizuri kampa mgeni, kibaya kajiwekea mwenyewe. Nilikupenda sana dakika ile. Nakuambia kweli.

Hospitalini yule daktari mzee alinieleza kila kitu, na kwa kuwa nilikuwa sina la kufanya nilimuuliza maswali mengi, kama kawaida ya walimu. Aliniambia kuhusu nyufa, kuhusu kuku, kuhusu upepo. Kisha akaniuliza ni chandarua gani tulitumia. Nilimtuma Egisto akakilete kutoka nyumbani. Daktari akakinyoosha mbele ya taa, akacheka kidogo, akasema mtu aliyeshona hiki ana mkono mzuri lakini hakujua kitu. Nikamjibu ndiyo, hakujua. Egisto alikuwa amesimama pale pale, akasema dada yake ni mtu wa kijijini, hajasoma.

Hajui. Sijamwambia, na kwa sasa sitamwambia, wala Nello, wala Fosca, kama naye hajui.

Harusi ya Nello ikiwadia nitakuja. Kila Agosti pia nitakuja, nimeshaipenda hewa ya kwenu. Nitalala kwenye chumba chako, chini ya chandarua chako. Wewe utalala juu ya kuku. Hutaumwa, usiogope, wenyeji damu yenu inakumbuka. Nataka tu ukilala uitazame herufi E. Chandarua nitakuja nacho mwenyewe, nimekifua, nimekipiga pasi.

Utanipikia sungura kwa zeituni. Kila nitakapoinua kichwa mezani, mbele ya Nello, mbele ya mkewe, mbele ya watoto wao Mungu akijalia, utanitazama mdomo uone kama leo ndiyo siku yenyewe. Utanitazama hivyo kila mwaka.

Juzi nilisahau neno la kijiko. Jana nilisahau jina la mtaa wetu. Jina la yule mdudu wenu sijalisahau, wala kazi yake. Nitakula, wifi.

Mirella